Samaki Anayeruka Hana Wazimu

Leo nataka tuiangalie ajali ndogo inayotokea usiku watu wakiwa wamelala. Samaki wa urembo aitwaye beta, yule mwenye rangi kali na mapezi marefu, aliyewekwa kwenye chombo cha kioo juu ya kabati la sebuleni, asubuhi anakutwa sakafuni amekauka, na sisimizi wameshamfikia. Wenye nyumba hawakosi maelezo: kapata wazimu, maji yalikuwa machafu, alichoka upweke. Kwa wengi wetu huku mkoani Mara beta bado ni mgeni, lakini kisa chenyewe si kigeni. Mfugaji wa kambale anahesabu samaki kwenye karo lake baada ya usiku wa mvua, anakuta hesabu haitimii, na wa kwanza kushukiwa ni jirani. Huenda jirani hana kosa lolote. Huenda samaki waliondoka wenyewe.

Hoja yangu ni kwamba kuruka si ugonjwa wa samaki wala si utundu wake. Ni tabia aliyozaliwa nayo, iliyomsaidia kuishi huko anakotoka. Kwa hiyo anayefuga samaki wa aina hii hawezi kuitibu tabia hiyo kwa maji mazuri na chakula kizuri peke yake. Ni lazima auzibe ukingo, tena auzibe kabla samaki hajaingia ndani. Mfuniko wa tangi na wavu wa karo ni sehemu ya malezi kama chakula kilivyo, na anayeviona kuwa anasa za kuongeza baadaye pesa ikipatikana, ataviongeza baada ya kupata hasara.

Tuanzie anakotoka. Beta asili yake ni Thailand na nchi jirani za kusini mashariki mwa Asia, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa kiumbe wa majini wa taifa. Huko porini haishi kwenye kina kirefu. Anaishi kwenye maji ya kina kifupi yaliyojaa majani: matindiga, mifereji na majaruba ya mpunga. Maji ya namna hiyo hupata joto, hupungukiwa oksijeni, na kiangazi kikishika hugawanyika kuwa vidimbwi. Samaki anayetegemea matamvua pekee hapo hana maisha marefu. Beta ana kiungo cha ziada juu ya matamvua, chenye mikunjo mingi iliyojaa damu, na kwa hicho huja juu, humeza hewa na kuitumia. Dimbwi likiharibika, au dume mwenye nguvu zaidi akilimiliki, kuruka kwenda dimbwi la pili kunaweza kuwa ndiyo pona yake. Walioweza kuruka waliacha watoto. Huyo wa kwenye kabati ni mjukuu wa waliofaulu, na hajui kwamba ng'ambo ya ukingo wa kioo kuna sakafu ya saruji badala ya jaruba.

Usidhani hayo ni mambo ya Asia tu. Ndugu wa mbali wa beta, samaki wa jenasi Ctenopoma, wanaishi kwenye matindiga ya bonde la Ziwa Victoria, nao humeza hewa vilevile. Kambale mumi, anayejulikana kwa kila mtu anayeishi karibu na ziwa hili, ana kiungo chake cha kupumulia hewa, chenye umbo la matawi madogo mekundu nyuma ya kichwa. Ukimpasua vizuri jikoni utakiona. Usiku wenye unyevu anaweza kutoka majini na kujikokota kwenye nyasi akitumia miiba ya mapezi yake ya kifuani na kuupindapinda mwili, mpaka apate maji mengine. Kwenye madimbwi ya mvua ya nyanda za Tanzania kuna samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius, ambao mayai yao hukaa ndani ya udongo dimbwi likikauka na kuanguliwa mvua ikirudi. Wanaowafuga ndani ya matangi huko Ulaya na Marekani wanajua kwamba tangi lao haliachwi wazi. Ukiwatazama wote hao kwa pamoja unaona jambo moja: samaki aliyetokea kwenye maji yasiyotabirika ana njia ya kuyahama.

Sasa pingamizi la kwanza, ambalo ndilo lenye nguvu kuliko yote. Wafugaji wengi husema samaki mwenye maji mazuri haruki, kwa hiyo dawa ni kurekebisha maji. Nakubali zaidi ya nusu ya maneno hayo. Sababu nyingi za kuruka zimo ndani ya maji, na zinafaa kutafutwa. Chukua klorini. Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama unavuta maji ya Ziwa Victoria kwa matumizi ya watu, na maji ya bomba yaliyotibiwa huwekewa dawa ya kuua vijidudu. Dawa hiyo inayotulinda sisi na kipindupindu huunguza matamvua ya samaki. Ukiyatoa maji bombani na kuyamimina moja kwa moja kwenye tangi, samaki anakurupuka, anagonga kioo, na kama juu kuko wazi anatoka. Klorini ya kawaida huruka yenyewe maji yakiachwa kwenye ndoo isiyofunikwa kwa siku nzima au zaidi, na duka la samaki likiwa na dawa ya kuiondoa, hiyo ni haraka zaidi. Chukua pia amonia, inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Kwenye chombo cha lita mbili au tatu, amonia hupanda kwa siku chache tu. Machi 2022, Mto Mara ulipobadilika rangi na samaki wakaonekana wamekufa karibu na daraja la Kirumi, kamati ya serikali ilisema oksijeni ilikuwa imepungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wapo waliobishana na majibu hayo hadharani, na mabishano hayo siyaingilii hapa. Ninachotaka tukione ni kwamba uchafu wa kikaboni unakula oksijeni ya maji, na kama mto mzima unaweza kuelemewa, chombo cha kioo cha lita tatu hakina ubavu.

Kisha kuna baridi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Kiabakari tuko juu ya ziwa. Usiku wa Juni na Julai si usiku wa Bangkok. Beta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28 hivi, na chombo kidogo hupoa upesi pamoja na chumba. Ongeza taa inayowashwa ghafla gizani, mtoto anayegonga kioo kwa kidole, paka aliyekaa akikodoa macho, na kivuli cha beta mwenyewe kwenye kioo anachokidhania kuwa dume mwenzake. Kila kimoja kinaweza kumrusha. Mwenye tangi kubwa kiasi, maji yaliyotulia, mimea ya kujifichia na joto la kufaa atapunguza sana miruko. Hilo halina ubishi.

Lakini kupunguza si kumaliza, na hapo ndipo naachana na wenye hoja hiyo. Beta huruka pia akifuata mdudu aliyetua karibu na uso wa maji, na hapo hana shida yoyote. Ana njaa na ana shabaha. Huruka umeme unapokatika na kurudi usiku wa manane, na mwenye tangi hana mamlaka juu ya hilo. Huruka siku ya kwanza kwenye tangi jipya, maji yawe safi kiasi gani, kwa sababu hajalizoea. Huku Mara tunafuga ng'ombe, na hakuna mfugaji anayesema kwamba kwa kuwa ng'ombe wake wameshiba, zizi halihitaji mlango. Malisho ni malisho, mlango ni mlango. Anayeyaboresha maji na kuacha juu wazi amefanya kazi nzuri nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayompeleka samaki sakafuni.

Pingamizi la pili ni la huruma: ukimfunika hatapata hewa. Hofu hii ina msingi kuliko watu wanavyodhani, maana beta anahitaji kuja juu kumeza hewa hata kama maji yana oksijeni ya kutosha. Ukijaza maji mpaka yaguse mfuniko, umemzibia pua. Jawabu ni nafasi. Shusha maji sentimita 5 au zaidi chini ya ukingo, halafu funika. Hewa iliyobaki katikati hubadilishana na ya nje kupitia mianya midogo, na kwa samaki mmoja inatosha. Tena mfuniko una faida ambayo wenye huruma hawaifikirii: hewa iliyo chini yake hukaa ya uvuguvugu na yenye unyevu, wakati tangi lililo wazi humfanya samaki ameze hewa ya baridi ya chumba kila anapokuja juu. Kwa usiku wetu wa kipupwe hilo si jambo dogo. Wapo wanaosema kupunguza maji peke yake kunatosha, mfuniko wa nini. Kunasaidia, ila beta mwenye afya ana nguvu ya mkia, na sentimita 5 kwake si ukuta.

Mfuniko wenyewe si lazima ununuliwe. Kipande cha kioo kilichokatwa na fundi wa madirisha kinafaa, kingo zake zikisuguliwa zisikate mkono, na kiwekewe vipande vinne vidogo vya mpira pembeni ili kisikae kimebanana na tangi. Wavu wa dirishani wa plastiki uliovutwa na kufungwa kwa mpira au kamba kuzunguka mdomo wa chombo unafanya kazi vizuri, hasa kwa chombo cha mviringo. Unapitisha hewa zaidi kuliko kioo, ingawa hautunzi joto. Kwa Kiabakari ningechagua kioo miezi ya baridi na wavu miezi ya joto. Wavu wa waya sijaupenda, kwa sababu waya hushika kutu na samaki akirukia juu hukwaruzwa.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi tulivyogawiwa kupambana na malaria vimewekwa dawa ya kundi la pirethroidi. Dawa hiyo kwa binadamu aliyelala chini ya chandarua ni salama inavyotumika, na kwa mbu ni kifo, lakini kwa samaki pia ni sumu kali, kwa kiasi kidogo mno. Matone yanayojikusanya chini ya chandarua na kudondoka kwenye tangi yanaweza kumaliza samaki wote, na mwenyewe ukabaki unalaumu chakula. Kwa sababu hiyohiyo, anayepuliza dawa ya mbu chumbani atoe tangi kwanza, au alifunike kabisa mpaka hewa isafike. Na kwenye bwawa la kambale au sato, chandarua kikuukuu chenye dawa hakifai kuwa kizuizi cha ndege wala kichujio cha bomba, hata kama kimefuliwa mara nyingi.

Mfuniko ukishapatikana, kazi iliyobaki ni matundu. Beta mkubwa ana urefu wa kama sentimita 6 au 7, lakini mwili wake ni mwembamba, na mapezi hukunjika. Tundu lililoachwa kwa ajili ya waya wa kipasha maji au bomba la hewa linamtosha. Watu hufunika tangi vizuri, wakaacha kona moja wazi ya kudondoshea chakula, na kona hiyohiyo ndiyo samaki aliyoizoea, kwa kuwa kila siku anaisogelea akitazamia kula. Kama kuna mahali atakaporukia, ni hapo. Kipande cha sponji kikikatwa kulingana na tundu, waya ukapita katikati yake, tundu limezibwa na waya haujabanwa.

Turudi kwa wafugaji wa kambale, maana hao ndio wengi na hasara yao ni ya pesa. Karo la saruji au la turubai likijazwa maji mpaka ukingoni ni mwaliko. Masika, mvua kubwa ikinyesha usiku, maji hupanda, ukuta hulowa, ardhi ya nje hulowa, na yote hayo kwa kambale ni dalili za msimu wa kusafiri. Acheni nafasi ya sentimita 30 au zaidi kati ya maji na ukingo, wekeni bomba la kutolea maji ya ziada lenye kichujio, na juu tandazeni wavu. Mfugaji atasema wavu ni gharama. Ni kweli, na mwenye karo kubwa inamuuma zaidi. Lakini wavu huohuo unamzuia mnandi, mdiria na korongo wanaokuja kula vifaranga, unamzuia kenge, na unapunguza hatari ya mtoto mdogo kutumbukia. Gharama moja inajibu hasara nne. Anayetaka ushauri wa vipimo kwa karo lake yupo karibu kuupata: ofisa uvuvi wa halmashauri, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, yenye kituo Sota wilayani Rorya, na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wenye kampasi Gabimori huko huko Rorya.

Kuna sababu nyingine ya kuziba ukingo, nayo inatuhusu kuliko watu wa mbali na ziwa. Samaki anayeondoka haishii sakafuni kila mara. Akiwa kwenye bwawa la bustani au karo lililo karibu na mfereji, anafika mtoni, na mito yetu inaelekea ziwani. Ziwa Victoria limeshaonja matunda ya wageni. Sangara aliletwa kwa makusudi miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaleta viwanda na ajira, na furu wa aina nyingi mno wakapungua au kutoweka. Sato tunayemsifu leo naye aliletwa, na ngege wa asili akasogezwa pembeni. Ila mfano unaonigusa zaidi kwa mada ya leo ni gugu maji. Mmea ule asili yake ni Amerika ya Kusini, ukasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, ukapandwa kwenye madimbwi ya bustani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukawa umeshaonekana ziwani kwetu. Kila mvuvi wa Mara anaijua kazi ya kupitisha mtumbwi ndani yake. Lilikuwa pambo. Sisemi beta ataliteka ziwa. Huenda sangara atammeza siku ya kwanza. Nasema pambo la leo laweza kuwa tatizo la kesho kama gugu maji, kwa hiyo anayechoka kufuga samaki wa kigeni asimtupe mtoni wala kwenye lambo kwa kumwonea huruma. Ampe mfugaji mwingine.

Ajabu yake ni kwamba tangi la kioo hilohilo ndilo lililowaokoa baadhi ya furu wetu. Tangu miaka ya 1990 kuna aina za furu wa Ziwa Victoria wanaozalishwa ndani ya matangi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wakati ndugu zao ziwani hawaonekani tena. Kwa samaki kama huyo, kuruka mara moja usiku kunapunguza idadi ya aina nzima. Wanaomtunza hawana mjadala kuhusu mfuniko.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo watu hulisema huku wakicheka: si ni samaki tu, kwani sisi hatuli samaki? Tunakula, na tutaendelea. Lakini mvuvi anayetoa dagaa kwa ajili ya chakula anajua anachofanya na kwa nini. Aliyemweka samaki kwenye kioo apendeze sebule amemnyima njia zote za kujitafutia maji mengine, na kwa kufanya hivyo amejitwika dhamana ya usalama wake. Samaki akianguka sakafuni matamvua yake hushikana, yakakauka, na kwa beta au kambale kifo hicho huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kile kiungo cha kupumulia hewa kinaendelea kumhangaisha akiwa hai. Sioni cha kuchekesha hapo.

Muda huo mrefu, hata hivyo, ndio unaotoa nafasi. Ukimkuta beta chini, hata kama anaonekana amekufa, usimtupe haraka. Lowesha mikono yako kwa maji ya tangi lake, siyo ya bomba. Mnyanyue bila kumbana na bila kumpangusa vumbi, kwa sababu ute unaofunika mwili wake ndio ngozi yake ya kinga. Mweke kwenye chombo chenye maji ya tangi ya kina kifupi, afikie juu bila kuogelea sana, umzimie taa na umwache. Akianza kupumua, usimlishe siku hiyo. Vumbi litatoka lenyewe, mapezi yaliyochanika huota tena maji yakiwa safi, ila macho yaliyokauka huenda yasirudi vizuri. Wakati yeye anapumzika, wewe zunguka tangi ukalitafute tundu alilopitia, na ulizibe kabla hujamrudisha.